Mzee Funguo Asoma Barua

Watu wengine husema uongo kwa kupanga. Mzee Funguo alisema wake kwa kuchungulia. Siku alipokwenda kuomba kazi ya kutunza majengo ya shule ile ya bweni, alipewa fomu, na ndani ya fomu kulikuwa na sehemu ya lugha. Jamaa aliyekaa kando yake kwenye benchi alikuwa ameandika, mbele ya neno Kiingereza, "vizuri sana" mara tatu: kusoma, kuandika, kuzungumza. Mzee Funguo, ambaye siku hiyo hakuwa mzee wala hakuwa na funguo, akadhani ndivyo fomu inavyojazwa. Akajaza vivyo hivyo. Jamaa wa kando hakupata kazi. Yeye aliipata, na miaka ishirini na miwili baadaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Hakuulizwa kwa sababu alikuwa na mbinu. Mwalimu akimjia na Kiingereza, alifumba macho nusu, akalaza kichwa upande kama anayesikiliza pampu mbovu, akamwacha mwenzake amwage yote. Kisha alitoa sentensi moja ya Kiingereza aliyoikariri kwa mwalimu mkuu wa zamani, yenye maana ya "niachie mimi hilo". Aliitamka kwa sauti nzito, bila haraka, na ikapokelewa vizuri kila mara. Baada ya hapo alikwenda stoo, akarudi na ufagio, ndoo na shada la funguo. Alikuwa amegundua kwamba katika kila mambo kumi ambayo watu humwitia mtunza majengo, tisa ni ufagio, ndoo au ufunguo. Kwa la kumi alisema kwamba vifaa bado havijaja.

Nyumbani sifa zake zilivuka hata hapo. Mke wake, fundi cherehani ambaye hakujua kusoma ila tarakimu za futi ya kupimia, aliwaambia wateja wake kwamba mume wake anakijua Kiingereza mpaka anakiota. Mtoto wao wa pekee alipokuwa mdogo, alimletea baba yake madaftari ya Kiingereza ayasahihishe, na baba alitia vema kila mahali, ukurasa kwa ukurasa, kwa moyo mkunjufu. Kijana alikua akiamini ana kipaji. Kwa bahati imani hiyo ilimfikisha mbali: akawa fundi wa mitambo nchi za nje, akaoa huko huko, na hapo ndipo mambo ya Mzee Funguo yalipoanza kuharibika.

Mkamwana alikuwa binti mwema asiyejua neno la Kiswahili. Alikuja mara moja tu, baada ya harusi, akakaa siku tisa. Yeye na mama mkwe walielewana kwa kucheka na kushikana mikono, na Mzee Funguo akawa mkalimani, yaani alisema lolote aliloliona linafaa wakati huo. Binti aliporudi kwao akaanza kuandika barua. Zilikuwa barua ndefu za Kiingereza, kila baada ya miezi miwili, na chini kabisa mume wake, ambaye mkono wake ulikuwa mzito tangu utoto, alichomeka mstari mmoja: "Hatujambo. Yote kaeleza mwenzangu, Baba atakusomea."

Basi Baba alisoma. Jioni ile ile barua ilipofika, mke alizima cherehani, akaketi kwenye mkeka na kukunja mikono, na mume akaikunjua karatasi mbele ya macho yake kama mwanasheria. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa rahisi: salamu, na hali ya hewa. Lakini barua ilikuwa na kurasa mbili, na mke alikuwa anaziona. Ilibidi kujaza. Mzee Funguo alipoishiwa alipepesa macho chumbani kutafuta la kusema, na chumbani hakukuwa na jipya zaidi ya mke wake, kwa hiyo akasema alichokiona. "Anasema hajaona mtu anayeamka alfajiri na kutembea nyumba nzima bila kumwamsha mtu kama wewe." Au: "Anasema ukicheka unaziba mdomo kwa kiganja, naye anatamani usizibe." Mke aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha aliichukua barua, akaiweka pamoja na nyingine kwenye mkebe wa vifungo, na usiku kucha alikuwa mtu wa furaha.

Hivyo mambo yalikwenda miaka minne, mpaka ikaja barua yenye duara.

Ilifika mwishoni mwa mwezi, wiki moja kabla ya kambi. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na tarakimu, ishirini na moja, na mwandishi alikuwa ameizungushia wino mwekundu mara tatu. Mke wake aliiona kabla yake.

"Ishirini na moja ya nini?" akauliza.

"Ya siku," alisema Mzee Funguo. "Anasema aliugua mafua siku ishirini na moja."

"Siku ishirini na moja, mtoto wa watu? Na mbona kaizungushia nyekundu?"

"Yalikuwa makali."

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Mke alianza kukusanya majani ya kuchemsha amtumie mkamwana, akawauliza wateja dawa ya kifua, na kila asubuhi alimwambia mume wake aisome tena ile barua, huenda kuna dalili aliyoiruka. Naye Mzee Funguo aliitazama ile duara nyekundu na moyo ukamwambia wazi kwamba hakuna mtu duniani anayezungushia mafua. Lilikuwa jambo kubwa. Huenda ni ugonjwa kweli, huenda ni mtoto, huenda wanaachana. Na hakuwa na wa kumuuliza. Walimu walikuwa likizoni, na hata wangekuwepo, angemwendea nani kati yao na kusema kwamba yeye wa "vizuri sana" mara tatu hawezi kumsomea mke wake barua? Habari ingefika kwenye cherehani kabla yeye hajafika nyumbani.

Katika hali hiyo, siku ya Jumatatu, wakashuka watoto arobaini na watatu na magodoro yao. Shule ilikuwa imekodishwa kwa wiki tatu za likizo kwa kambi ya Kiingereza. Mkuu wa kambi alikuwa mwanamke kijana mwenye filimbi shingoni na miguu isiyotulia, ambaye kila mtu alimwita Madamu. Sheria yake ilikuwa moja: kuanzia kengele ya asubuhi mpaka chakula cha jioni, ndani ya ua hakisemwi ila Kiingereza. Anayeteleza huvaa kofia ya njano, pana kama sinia, mpaka ateleze mwingine amrithi. Sheria ilihusu wote, wafanyakazi pamoja.

Mpishi, mama mwenye mwili na maneno mengi, alinyoosha mkono palepale akasema hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na yeye akinyamaza wiki tatu atapasuka. Alivishwa kofia, akasifu kwamba inazuia mvuke wa sufuria, na akapangwa na watoto wa darasa la chini kila mchana baada ya vyombo, ajifunze pamoja nao. Mzee Funguo alimwonea wivu. Madamu alikuwa amesoma fomu yake. Alimgeukia yeye, akamwaga Kiingereza cha dakika nzima huku akionyesha geti, meza na mbingu. Mzee Funguo alilaza kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akatoa sentensi yake. Madamu akampa mkono kwa furaha.

Alichokubali alikijua kesho yake. Getini, kati ya mabweni na ukumbi wa chakula, palikuwa na meza yenye kitambaa, kiti kimoja, na foleni ya watoto arobaini na watatu, kila mmoja na pasipoti ya karatasi ngumu aliyojichora mwenyewe. Ulikuwa uwanja wa ndege, na yeye ndiye ofisa wa uhamiaji. Hakuna kunywa chai mpaka umweleze ofisa, kwa Kiingereza, unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa nini.

Mzee Funguo alikaa, kwa kuwa kiti kilikuwepo. Mtoto wa kwanza akampa pasipoti, akasema sentensi moja. Ofisa akaitazama picha. Akamtazama mtoto. Akairudia picha. Hakuwa na neno la kusema, kwa hiyo hakusema. Mtoto akameza mate, akaongeza sentensi ya pili. Ofisa akafumba macho nusu. Mtoto akaongeza ya tatu, na ya nne, akaleta habari za bibi mgonjwa, akaonyesha kwa mikono ukubwa wa kitu fulani, akaanza kusihi. Mzee Funguo alipochoka alichomoa mfukoni mhuri wa stoo, akaupulizia, akagonga: IMEPOKELEWA. Foleni nzima ikapiga makofi.

Kufikia siku ya nne watoto walikuwa wanaamka mapema kuwahi uwanja wa ndege. Walikuja na masharubu ya makaa, na mto uliofungwa mgongoni ukawa mtoto mchanga asiye na karatasi, na vijana wawili wakadai ni mapacha ingawa mmoja alimzidi mwenzake kichwa kizima. Mmoja alilia machozi ya kweli, akagongewa, akaondoka akicheka mpaka akaegemea ukuta. Wengine walijua hata wakisema ovyo watapita, lakini kupita haraka ilikuwa aibu. Sifa ilikuwa kumfanya ofisa akutazame muda mrefu. Madamu alisimama pembeni akiandika kwenye daftari lake. Aliwaambia wasaidizi wake, na mpishi alilisikia hilo na kulielewa nusu, kwamba katika maisha yake hajaona mtu anayewatoa watoto maneno kama yule mzee.

Yule mzee alikuwa anateketea. Wiki nzima hakusema Kiswahili mchana, asije akavishwa kofia akaumbuka, na Kiingereza hakuwa nacho, hivyo alizunguka ua mzima kama bubu na kila mtu akamwona ana hekima. Jioni alirudi nyumbani kwa mke aliyemsubiri na swali la mafua.

Ndipo alipokata shauri kuhusu dirisha. Darasa la chini lilikuwa kando ya stoo, na dirisha lake lilikuwa zima kabisa. Mzee Funguo alikwenda kulitengeneza. Siku ya kwanza alifungua bawaba moja, akasikia majina ya rangi. Siku ya pili alifungua bawaba zote, akasikia vyombo vya nyumbani. Siku ya tatu dirisha zima lilikuwa chini limeegemea ukuta, darasa lina tundu la mraba, na Mzee Funguo amesimama katikati ya tundu na bisibisi mkononi, midomo ikicheza. Ndani, mpishi aliketi kwenye dawati la kitoto, magoti yamemfika kidevuni, akitaja sufuria kwa Kiingereza kwa sauti iliyotikisa kuta. Alipewa nyota mbili. Mzee Funguo alijua jibu la swali la pili kabla yake, na alikosa raha kwamba hakuna wa kumpa nyota.

Alhamisi mwalimu wa darasa hilo alibandika kadi kubwa ubaoni: siku za wiki. Watoto wakaimba, kadi kwa kadi. Ilipofika kadi ya mwisho, ya Jumamosi, Mzee Funguo, aliyekuwa akiimba kimoyomoyo, aliacha. Neno lile alilijua kwa sura. Alikuwa amelitazama kila jioni kwa wiki mbili, lilikuwa limekaa kando ya duara nyekundu kama mlinzi. Alitoa barua mfukoni, akalinganisha herufi kwa herufi. Kisha alikwenda jikoni akasimama mbele ya kalenda. Tarehe ishirini na moja ya mwezi huu ilikuwa Jumamosi. Zilibaki siku tisa, na haikuwa mafua.

Alipogeuka, mlangoni alisimama mpishi, na nyuma yake watoto saba wa darasa la chini. Mbele yao alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye wenzake walimwita Maswali. Alikuwa amevaa kofia ya njano.

"Babu," alisema kwa Kiswahili safi, "lile dirisha halijaharibika."

Mzee Funguo alionyesha mdomo wake kwa kidole, kisha akaonyesha nje, kwa Madamu.

"Mimi naruhusiwa," alisema Maswali. "Nimeshavaa kofia. Ukishaivaa huwezi kuvishwa tena, sasa si unaongea tu. Sisi wote tunafanya hivyo."

Hilo ndilo kosa ambalo Madamu, pamoja na akili zake zote, hakuliona katika sheria yake. Kofia haikuwa adhabu tena, ilikuwa kibali. Mwenye hamu ya Kiswahili aliteleza makusudi, akaivaa, akapiga soga zake zote, kisha akamwita mwenzake mwenye shida zaidi ateleze aipokee. Maswali aliivua na kumnyooshea.

Mzee Funguo aliitazama ile kofia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama pasipoti yoyote. Kisha akaiweka kichwani, akaketi juu ya gunia la viazi, na maneno ya siku kumi na moja yakatoka kwa mkupuo. Aliwaambia kuhusu fomu, jamaa wa kando, vema za daftarini, barua, duara. Hakujitetea. Watoto walisikiliza kama wanaohadithiwa, na mpishi aliposikia habari ya mafua alilazimika kushika meza.

"Ulimwambia mke wako mafua?" aliuliza, bila hata kuikumbuka kofia, akifuta machozi. "Miaka minne mwanamke anasikiliza barua zako za kubuni? Mzee Funguo, mimi siku zote nakuogopa, kumbe hatuna tofauti."

"Tofauti yetu wewe una nyota mbili," alisema Mzee Funguo, na alisema kwa uchungu.

"Lete barua," alisema Maswali.

Waliigawa kama wanavyogawana kazi za usafi. Kila mmoja alinakili mistari mitatu, mpishi naye mitatu, wakaazima kamusi zote mbili za kambi. Siku tatu darasa la chini halikucheza mpira. Walionekana chini ya ngazi, nyuma ya matangi, kitandani, wakipekua kamusi kwa vidole vyenye mate na kubishana kwa Kiingereza kibovu cha kusikitisha, maana kofia ilikuwa moja tu. Mtoto mmoja alimkimbilia Madamu kumuuliza neno, akapata maana yake na sentensi sita za mfano. Madamu aliwaona, akamshika mkono mwalimu wao, akamwonyesha. Watoto wa darasa la chini walikuwa wanasoma kwa hiari yao.

Jumatatu ya wiki ya mwisho walikutana stoo kwa kisingizio cha kufagia. Vipande vilipangwa sakafuni. Kofia ilizunguka, kila msomaji aliivaa zamu yake.

"Tunakuja," alisoma wa kwanza. "Jumamosi, ishirini na moja. Saa kumi nyumbani."

"Usije... usitupokee," alisoma wa pili. "Tunajua njia."

Mzee Funguo alivuta pumzi ya kwanza nzuri baada ya wiki tatu. Hakuna mgonjwa, hakuna aliyeachana na mtu. Alikuwa tayari ameanza kutabasamu pale mpishi alipojiweka sawa kofia na kunyoosha kipande chake mbele kabisa ya uso.

"Mimi, nimejifunza, Kiswahili, mwaka mmoja," alisoma, neno moja moja, kwa fahari. "Siri. Nataka kuongea na Mama, mimi mwenyewe, bila kumsumbua Baba."

Watoto walishangilia. Walikuwa wamemaliza barua nzima ya mtu mzima, kwa kamusi mbili, na ilikuwa na habari njema mwanzo mpaka mwisho. Maswali alirukaruka. Ilichukua muda kabla hawajaona kwamba babu yao ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na haoni mtu.

"Babu, si wanakuja?"

"Wanakuja," alisema. "Na watakaa na mke wangu, na mke wangu atamuuliza habari za barua zote. Moja baada ya nyingine. Anazijua kwa moyo."

Jioni ile alimwambia mke wake kwamba ameirudia barua kwa makini, na kwamba wageni wanakuja Jumamosi. Mke alimtazama juu ya miwani.

"Na mafua?"

"Yamekwisha," alisema.

Hakupata ujasiri wa kuongeza. Jumanne alijaribu, akaishia kusifu mapazia. Jumatano mke alikuwa anashona mashuka mapya. Alhamisi alimkuta ameumwaga mkebe wa vifungo kitandani, anazipanga barua kwa kufuata stempu, huku akiimba. Mzee Funguo aliondoka kimya akaenda kukaza parafujo za kitanda ambazo hazikuwa zimelegea.

Jumamosi asubuhi kambi ilifungwa mbele ya wazazi. Waliimba, wakauziana ndizi za karatasi kwenye duka la kuigiza, na mwisho wakaigiza uwanja wa ndege. Aliyemwigiza ofisa alikuwa Maswali. Alikaa, akafumba macho nusu, akalaza kichwa, na kwa dakika tano hakusema lolote huku abiria wakigaagaa mbele yake kwa Kiingereza chao chote. Ukumbi ulivunjika mbavu. Madamu alimwita Mzee Funguo jukwaani, akamsifu kwa maneno marefu, akamwomba aseme neno. Akasema, kwa Kiingereza, sentensi nne fupi zilizotoka zote kwenye tundu la dirisha: asanteni, mimi ni mzee, sijui Kiingereza, ninajifunza. Wazazi walipiga makofi kwa unyenyekevu wake. Darasa la chini peke yao, na mpishi, walipiga makofi kwa sababu sentensi zote nne zilikuwa sahihi.

Hakungoja chakula. Alifika nyumbani saa tisa na nusu, akavua shati lenye jasho, akavaa jingine. Saa kumi kamili gari lilisimama mlangoni.

Mkamwana hakumsubiri mume wake ashushe mizigo. Aliingia, akapiga goti mbele ya mama mkwe, akasema, taratibu na kwa lafudhi iliyopinda kidogo tu, "Shikamoo, Mama. Nimekukumbuka sana."

Mke wa Mzee Funguo alishika kifua. Kisha alimshika binti mabegani, akamkagua uso, pua na macho.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unasema. Kifua chako kikoje sasa?"

"Kifua?"

"Mafua. Yale ya siku ishirini na moja."

Binti alimtazama mume wake, ambaye alimtazama baba yake, ambaye alikuwa anachunguza kitasa cha mlango. "Sikuugua, Mama," alisema binti. "Labda nimesahau neno. Mafua ni ya puani?"

"Usijali, kaa." Mama mkwe alikuwa ameshauchukua mkebe. Aliuweka mapajani na kutoa barua ya juu kwa vidole viwili, kama anavyoshika hariri ya mteja. "Nimesubiri miaka minne kukuuliza hii. Humu uliniambia kwamba nikishona usiku huwa napiga pasi nguo ya mtu hata kama ameileta kutengenezwa kifungo tu, na kwamba hilo ndilo ulilolipenda kwangu. Uliliona lini? Ulikaa siku tisa tu."

Binti aliipokea barua. Ilikuwa yake, mwandiko wake. Alisoma mistari ya juu, akafungua mdomo, na kwa jinsi alivyokunja uso ilionekana anatafuta Kiswahili cha kusema kitu kisichoumiza.

"Hakuandika hivyo," alisema Mzee Funguo.

Alisema akiwa bado ameshika kitasa. Akakiachia, akageuka. "Hakuandika. Sijui kusoma Kiingereza. Sijawahi kujua. Nilikuwa nabuni, zote, tangu ya kwanza." Mwanawe aliweka begi chini polepole, na mtu aliona akili yake inarudi kwenye madaftari fulani ya zamani. Mzee Funguo hakumtazama. Alikuwa anamtazama mke wake na anaogopa kweli, kuliko siku yoyote ya kazi yake.

Mke wake aliichukua barua kwa binti, akazitoa na nyingine mkebeni, akazirudisha moja moja, akahesabu kwa midomo. Alipofika ya mwisho hakuirudisha.

"Kutembea alfajiri bila kumwamsha mtu," alisema. "Nani aliniona?"

"Mimi."

"Na kuziba mdomo?"

"Mimi."

"Na kwamba nyumba bila sauti ya cherehani hailaliki?"

Mzee Funguo alitikisa kichwa kukubali.

"Miaka thelathini tunaishi," alisema mke wake, "hujaniambia hata kwamba chai ni tamu. Nikawa nasema, angalau yule binti wa watu ananiona." Alipangusa jicho kwa ncha ya leso, kwa hasira, kama linalowasha tu. Kisha alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake, na kumnyooshea ile barua iliyobaki mkononi.

"Hii ya mafua hukuimaliza," alisema. "Kurasa zilikuwa mbili. Kaa hapa uisome."

Mzee Funguo alikaa. Aliikunjua karatasi, akaishusha ili iache kumziba uso, akamtazama mke wake, akaanza.